Kutuma Video Si Kuitunza

Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, daraja la kienyeji lilianguka kwenye machimbo ya Kalando, huku Mulondo, kilometa 40 hivi kutoka Kolwezi. Ba-creuseur waliokuwa wanakimbia wakaangukiana ndani ya mfereji uliojaa maji. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, Roy Kaumba Mayonde, alitangaza maiti 32. SAEMAPE, idara ya serikali yenyewe inayosimamia uchimbaji mdogo, ilitaja watu wasiopungua 40, na ikasema milio ya risasi za wanajeshi waliokuwa pale njo ilileta hofu, watu wakakimbilia daraja wote kwa mara moja. Upande wa jimbo ulisema watu walikuwa wamekatazwa kuingia sababu ya mvua na hatari ya udongo kuporomoka.

Kati ya 32 na 40 kuna watu wanane. Hao wanane wana mama, wana bibi, wana watoto. Na kati ya "mvua" na "risasi" kuna tofauti nyingine kubwa zaidi: moja inaitwa ajali, ya pili inaitwa kosa la mtu.

Siku ile telefone zetu zilijaa picha na video. Watu wanavuta miili kwenye mfereji, maiti zimelazwa chini, bamama wanalia. Tulilia nao, tulikasirika, tulipartaje. Siku mbili baadaye, tarehe 17, ndege iliyomleta waziri wa madini wa taifa, Louis Watum Kabamba, ilitoka kwenye njia yake wakati wa kutua hapa Kolwezi, ikashika moto. Asante Mungu, wote walitoka wazima. Video ya ile ndege ilizunguka dunia nzima, magazeti makubwa yakaiweka, na hata leo ukiitafuta utaipata kirahisi.

Sasa tuulizane sisi kwa sisi: nani kati yetu anayo video ya Kalando leo? Hatuulizi ile iliyopita kwenye WhatsApp mara 30 mpaka sura hazionekani tena. Tunauliza faili lenyewe, pamoja na jina la aliyeiweka, tarehe na saa. Ukiuliza mtaani, Dilala ao Manika, jibu ni paka moja: "Nilikuwaka nayo, yaya, lakini ilishafutika."

Hili njo jambo letu leo. Tunafikiri kutuma video ni kuitunza. Hapana. Kutuma ni kutuma. Kutunza ni kazi nyingine, na hatujaianza.

Tulishapita hapa

Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye shimo la KOV, ndani ya mgodi wa KCC. Glencore, kampuni mama, ilianza kwa kutangaza watu 19. Gavana wa wakati ule, Richard Muyej, akafika 36. Baadaye hesabu ikawa 43. Kisha wanajeshi wakaletwa kuondoa wachimbaji, na habari ikahama kutoka kwa waliokufa ikaenda kwa "walioingia bila ruhusa".

Wenye kuwa pale siku ile walikuwa na telefone. Telefone zile ziko wapi leo? Zingine ziliuzwa, zingine ziliibiwa, zingine zilianguka ndani ya maji. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile, leo ni kijana. Akitaka kujua baba yake alikufa namna gani, atapata taarifa za kampuni na za serikali, sababu wao wanatunza karatasi zao vizuri. Upande wetu atapata masimulizi.

Hatusemi masimulizi ni ya bure. Tunasema mbele ya jaji, neno la mama wa Musonoi na karatasi ya kampuni havipimwi kwa kilo moja. Video iliyotunzwa vizuri inasaidia kusawazisha mizani.

Ukumbusho kwa wasioamini

Kuna watakaosema: "Video itafanya nini? Hii ni Kongo." Tuwape mifano ya hapa nchini.

Februari 2017 ilitoka video ya wanajeshi wakiua watu Mwanza-Lomba, huko Kasai. Msemaji wa serikali, Lambert Mende, alisema ni montage. Lakini video ilikuwa imeshatunzwa na wengi, wataalamu wakaiangalia picha kwa picha, Umoja wa Mataifa ukadai uchunguzi. Kabla ya mwaka kuisha, mahakama ya kijeshi ilihukumu wanajeshi kadhaa. Waliosema ni uongo walilazimika kukubali.

Septemba 2018, Bukavu, mahakama ya kijeshi iliwahukumu viongozi wawili wa waasi kifungo cha maisha kwa mauaji ya mwaka 2012 huko Kalehe. Ndani ya ile kesi picha na video zilikubaliwa kuwa ushahidi, na mawakili walisema ilikuwa mara ya kwanza nchini kwetu kwa picha za namna hiyo. Zilikubaliwa juu zilichukuliwa na programu inayoandika yenyewe tarehe, saa na mahali, na inayoweza kuonyesha kwamba hakuna mkono uliozigusa baadaye.

Na mbali na kwetu: Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye ilitoa amri ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli wa Libya, na msingi mkubwa wa amri ile ulikuwa video saba zilizokuwa zimewekwa mtandaoni.

Angalieni vizuri hiyo mifano yote. Hakuna aliyeshinda kwa kupartaje sana. Walishinda sababu mtu fulani alikuwa na faili, na aliweza kusema limetoka wapi.

Kwa nini video zinapotea

Watu wanasema intaneti haisahau. Inasahau sana, na inasahau wanyonge kwanza.

Aliyeweka video anaweza kuifuta kwa woga. Telefone moja kutoka kwa mkubwa inatosha: "Petit, toa kile kitu." Akaunti inaweza kufungwa. Status ya WhatsApp inaisha kwa saa 24. Kampuni za mitandao nazo zina mashine zinazofuta picha za damu bila kuuliza aliyeweka ni muuaji ao ni shahidi. Mwaka 2017 mashine za YouTube zilifuta video nyingi sana za vita ya Syria, zikiwemo zile zilizowekwa na watetezi wa haki. Mwaka 2020 Human Rights Watch waliangalia tena video na picha walizokuwa wametaja ndani ya ripoti zao wenyewe: karibu asilimia 11 zilikuwa zimeondolewa.

Tena kuna serikali. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi karibu tarehe 20 Januari. Mwanzoni mwa 2025, wakati Goma ilipoanguka, kufungua X na TikTok kulikuwa shida kubwa. Kama ushahidi wako unaishi paka kwenye mtandao, siku mtandao unafungwa na ushahidi wako unafungwa.

Batani zinazotudanganya

Wengi wetu tunafikiri tunatunza, kumbe hatutunzi.

Facebook iko na neno "Enregistrer". Ukilibonyeza, video haiji kwako. Facebook inaiweka kwenye orodha yako, ndani ya nyumba yake. Mwenyewe akiifuta, na wewe orodha yako inabaki tupu. "Télécharger" ya YouTube kwenye telefone ni vilevile: inakaa ndani ya YouTube, hauwezi kuitoa kuipeleka kwa wakili. Kwenye kompyuta, ukibonyeza Ctrl na S, mara nyingi unatunza ukurasa, maandishi na picha, lakini video haimo.

Sababu ni hii: video nyingi za siku hizi hazifiki kama faili moja. Zinakuja vipande vipande vya sekunde chache, programu inavionyesha, inavitupa. Ukifunga ukurasa, umebaki na kumbukumbu ya macho tu.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Kazi hii inahitaji kompyuta moja, hata ya zamani, hata ya cyber mradi faili litoke pale na wewe na lisibaki pale.

Kwanza, linki. Fungua ile post yenyewe, si ukurasa wa mwanzo wa mtu. Kwenye Facebook bonyeza tarehe ao saa iliyo chini ya jina, utafika kwenye post. Nakili anwani iliyo juu. Andika pembeni jina la akaunti, tarehe na saa ya post, na tarehe na saa wewe umeiona. Bila hii, faili lako ni yatima.

Pili, picha ya skrini ya ukurasa, maneno na komanteri zikionekana. Mara nyingi ndani ya komanteri njo kuna mtu aliyesema "hapa ni karibu na kwa fulani". Jaribu pia kuuweka ukurasa kwenye Wayback Machine, web.archive.org. Facebook mara nyingi inakataa, lakini kurasa za magazeti zinakubali.

Tatu, faili. Bonyeza upande wa kulia wa mausi juu ya video. Ukiona "Enregistrer la vidéo sous", una bahati, itumie. Usipoiona, kuna programu inaitwa yt-dlp. Ni ya bure, na watu duniani wanaitumia kwa kazi kama hii. Inapakua kutoka YouTube, Facebook, TikTok, X na kwingine kwingi. Haina madirisha mazuri: unaandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi, yt-dlp --write-info-json, halafu unabandika linki. Itakuletea video, na pembeni yake faili dogo lenye jina la akaunti, tarehe na maelezo ya post. Kama mstari mweusi unakuogopesha, kwenye Firefox kuna kiongezo kinaitwa Video DownloadHelper, kinafanya kazi kwa video nyingi.

Jihadhari na zile saiti zinazosema "bandika linki hapa". Nyingi zimejaa matangazo ya uchafu na virusi. Na hakuna hata moja inayostahili neno lako la siri la Facebook.

Yote ikishindikana, rekodi skrini, OBS Studio ni ya bure. Lakini jua kwamba hiyo ni picha ya picha. Ni bora kuliko kukosa, si zaidi.

Nne, usiguse. Usikate, usiongeze muziki, usiandike jina la harakati juu yake. Ukitaka kufanya kipande cha kuonyesha watu, fanya kwa nakala. Faili la kwanza lilale.

Tano, chukua alama yake ya kidole. Kwenye Windows fungua ile skrini nyeusi kwenye folda lilimo faili, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Itatoa mstari mrefu wa herufi na namba. Mtu akibadilisha hata sekunde moja ya video, mstari ule unabadilika wote. Uandike kwenye daftari na tarehe. Siku mtu atasema "ni montage", utamwonyesha kwamba faili la leo ni lilelile la siku ile.

Sita, nakala mbili, nyumba mbili. Flashi moja inapotea, diski moja inakufa wakati Snel inacheza na umeme. Nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine unayemwamini, ikiwezekana mji mwingine.

Saba, na hii ni ya maana kuliko zote: tafuta aliyepiga video. Ile iliyo mtandaoni imeshapunguzwa, tarehe na mahali vimetolewa. Ya kweli iko ndani ya telefone yake. Mwombe kwa heshima akupe kwa kebo, ao akutumie kwa WhatsApp kama "document", si kama video ya kawaida, sababu ya kawaida inaminywa.

Wanaotupinga wana haki ya kusikika

Kuna anayesema mega ni ghali. Kweli, ni ghali. Lakini video ya dakika mbili mara nyingi haizidi mega 20 ao 30, na tunachoma zaidi ya hapo kwa magoli na vichekesho. Tena si lazima kila mtu apakue. Kila mtaa ukiwa na watu wawili wanaofanya kazi hii kwa uaminifu, inatosha. Wengine tuwachangie mega.

Kuna anayesema ni hatari. Hapa hatutamdanganya mtu. Sheria ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kusambaza habari za uongo, na tuliona mwandishi Stanis Bujakera akikaa jela kutoka Septemba 2023 mpaka Machi 2024. Lakini njo maana tunatofautisha maneno mawili. Anayepartaje bila kuhakikisha anajiweka hatarini, na mara nyingi anasambaza video ya nchi nyingine ao ya mwaka mwingine akidhani ni ya kwetu. Anayetunza kimya, akaandika linki na tarehe, akasubiri kuhakikisha, anajilinda na anatulinda. Hauna deni la kutangaza kwamba uko nayo. Funga diski yako kwa neno la siri, na usitembee na flashi mfukoni kwenye barriere.

Kuna anayesema ni wizi, video ni ya mwenyewe. Ana haki nusu. Mitandao ina masharti yake, YouTube kwa mfano haitaki watu wapakue hovyo, na muziki ao filamu ya mtu kuipakua na kuiuza ni kula jasho lake. Hatufundishi hiyo. Tunaongea juu ya kutunza ushahidi wa kifo na wa uharibifu, bila kuuza, bila kujipatia ma-vue. Na aliyepiga ndiye mwenyewe: jina lake lisitajwe bila ruhusa yake, lakini kazi yake isiibiwe.

Na kuna mama aliyefiwa, anayesema: "Mwanangu musimuonyeshe vile." Huyu hatuna la kumjibu. Tumsikilize. Kutunza hakumaanisha kuonyesha. Faili linaweza kukaa miaka bila kufunguliwa, likisubiri jaji. Sura ya maiti, ya mtoto, ya shahidi, haina kazi kwenye ukurasa wetu. Tukisema tunapigania heshima ya wachimbaji, heshima ianze na miili yao.

Tunaomba nini

Kwa vyombo vya sheria vya Lualaba: uchunguzi wa Kalando ufike mwisho, na matokeo yatangazwe kwa wananchi, pamoja na majina ya waliokufa na jibu la wazi juu ya zile risasi. Tena mwananchi anayeleta video apokelewe kama shahidi, asipokelewe kama mshtakiwa.

Kwa vijana: kabla ya mwezi huu kuisha, kila mtaa, Kasulo, Kapata, Musonoi, Luilu, na huko Fungurume pia, uchague vijana wawili, mmoja msichana, mmoja mvulana, wenye kompyuta ao wanaoweza kuipata. Wawe na daftari moja lenye sehemu tano: tarehe, linki, akaunti, alama ya kidole, nakala iko wapi. Waanze na za zamani: mtu yeyote mwenye video ya KOV 2019 ao ya Kalando kwenye telefone ya zamani, kwenye kadi ya memori, kwenye kompyuta iliyokufa, awatafute kabla ya kuiuza ao kuitupa. Hata iliyo mbaya, hata ya sekunde kumi.

Na mvua inaendelea kunyesha, mashimo bado yako wazi, watu bado wanaingia sababu hawana pengine pa kupata makuta ya kula. Video nyingine itakuja kwenye telefone yako, hatuombi iwe hivyo lakini tunajua. Siku ile, kabla ya kidole kwenda kwenye "Partager", nakili linki kwanza.